Vihisi 39 kwa vituo sita vya maziwa: nilipe au niache?

Mshauri, salaam.

Safu hii naisoma siku nyingi, ila leo ndiyo naandika. Nina kampuni ya kukusanya maziwa mkoani Tanga. Vituo vyetu ni sita, vingine huku chini njia ya Muheza na Korogwe, vingine juu milimani Lushoto. Kila kituo kina tenki la kupoozea, jenereta na mhudumu mmoja. Wafugaji wanaleta asubuhi na jioni, mhudumu anapima kwa laktomita na alkoholi, anamimina, halafu gari letu linapita kuchukua na kupeleka kiwandani. Magari tunayo matatu.

Kinachoniumiza ni hasara za usiku. Umeme unakatika, mhudumu amelala, jenereta haijawashwa, asubuhi maziwa yamechacha. Mara nyingine umeme upo, kumbe kompresa imegoma na hakuna aliyejua. Mwaka jana tulimwaga mara tano, jumla kama lita 3,400, na mara nne kati ya hizo ni vituo viwili vilevile vya milimani. Mfugaji namlipa Sh 1,000 kwa lita, kiwanda kinanipa Sh 1,500, na mfugaji lazima apate chake hata kama maziwa yameharibikia mikononi mwangu. Halafu kuna dizeli. Kwa mwaka inanimalizia kama Sh milioni 14, na moyoni najua si yote inayoingia kwenye jenereta.

Sasa mtoto wa marehemu kaka yangu amesomea mambo ya kompyuta Dar, ana kampuni yake na mwenzake. Kaniletea profoma ya vihisi 39. Kila kituo sita: joto la tenki, ujazo wa maziwa, dizeli, umeme, mlango na kamera, na vitatu vingine kwenye magari. Kufunga ni Sh milioni 31, kisha dola 8 kwa kila kifaa kila mwezi, anasema ni za jukwaa, yaani programu ya mtandaoni inayopokea na kuonyesha takwimu. Ofisini kwangu itawekwa televisheni kubwa ukutani inayoonyesha vituo vyote kwa rangi ya kijani na nyekundu. Benki wako tayari kunikopesha.

Meneja wangu anasema huo ni upuuzi, tununue daftari jipya na tuwafukuze wahudumu wawili. Kijana anasema meneja anaogopa madudu yake kuonekana. Mimi nipo katikati. Mtoto huyu nimemlea, ananiita shangazi, sitaki kumvunja moyo. Lakini pia sitaki kukopa milioni 31 nikae natazama televisheni. Kuna namna ya kulifanya jambo hili kwa gharama inayobebeka?

Mwenye Matenki, Tanga

JIBU

Dada Mwenye Matenki,

Usikope. Na kijana usimfukuze, maana ndani ya hiyo profoma kuna kitu unachokihitaji kweli, ila kimefunikwa na vingi usivyovihitaji.

Tufanye kwanza hesabu ambayo hukuwekewa mezani. Vifaa 39 kwa dola 8 ni dola 312 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu, ambao ni muda wa haki wa kupimia vifaa vya namna hii, inakuwa dola 11,232. Tukikadiria dola moja kwa Sh 2,600, hizo ni Sh milioni 29 na ushee. Jumlisha milioni 31 za kufunga, unafika milioni 60, na hapo hujalipa bando, betri, riba ya benki wala nauli ya fundi kupanda Lushoto. Wengi wetu tunakodolea macho bei ya kufunga, kumbe ada ya mwezi ndiyo inayotafuna. Yako ni mbaya zaidi kwa sababu iko kwa dola wakati kiwanda kinakulipa kwa shilingi.

Upande wa pili, lita 3,400 kwa Sh 1,500 ni Sh milioni 5.1 kwa mwaka. Dizeli, hata tukisema sehemu ya tano inaibwa, ni milioni 2.8. Kwa miaka mitatu vyote viwili havifiki milioni 24. Yaani hata kama mtambo wa kijana ungezuia kila tone lisimwagike na kila lita isiibwe, na hakuna mtambo unaofanya hivyo, ungekuwa umetoa 60 ili uokoe 24. Kijana atakuambia kuna faida nyingine zisizohesabika. Mwambie azihesabu kwanza.

Wala si jambo la Tanga peke yake. Mwaka 2017 Cisco, ambao wenyewe wanauza mitambo ya mtandao na hawana sababu ya kuisema vibaya, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika kampuni za Marekani, Uingereza na India. Asilimia 60 ya miradi ya vifaa vilivyounganishwa na mtandao ilikuwa inakwama kwenye hatua ya majaribio, na ni asilimia 26 tu ya kampuni zilizosema zimewahi kupata mradi uliofanikiwa kabisa. Hizo ni kampuni zenye idara nzima za kompyuta na mawakili wa kusoma mikataba.

Tuingie kwenye maziwa sasa, maana jibu lako liko ndani ya tenki. Umeniandikia kwamba umeme unakatika usiku na asubuhi maziwa yamechacha. Mimi hapo nina shaka. Tenki zima, ambalo ganda lake halijapasuka, likijaa maziwa yaliyokwisha kushuka hadi nyuzi 4, linavumilia saa nyingi bila umeme. Joto linapanda polepole sana. Yanayochacha ni maziwa ambayo hayajapoa. Ya jioni yanaingia saa kumi na mbili yakiwa bado na joto la ng'ombe, yanachanganyika na ya asubuhi yaliyopoa, tenki zima linapanda, na kompresa inatakiwa ifanye kazi mfululizo kulishusha. Ikikwama katika saa hizo mbili tatu, bakteria wanapata usiku mzima wa kusherehekea. Kwa hiyo umeme kukatika saa nane usiku huenda kunasingiziwa tu. Swali lenyewe ni nini kilitokea kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne.

Na saa hizo ndizo ambazo vijiji vingi vya mwisho wa laini vinapata umeme mdogo. Taa zinawaka, kila nyumba ina televisheni, volti zinashuka, na kompresa ama inashindwa kuwaka ama inajizima yenyewe ili isiungue. Mhudumu anaona taa ya ofisi inawaka, anajua umeme upo, anafunga mlango anaondoka. Kama vituo vyako viwili vya milimani vina ugonjwa huu, dawa yake ni stebilaiza ya volti, au kuamua kwamba saa za jioni jenereta inawaka bila kuuliza, au kuwaomba wafugaji walete maziwa saa moja mapema. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji jukwaa la dola.

Ila utajuaje? Hapo ndipo kijana anapoingia. Mwambie akufungie vituo hivyo viwili tu, na katika kila kituo apime mambo matatu: joto la maziwa, volti zinazoingia, na kama kompresa inavuta umeme au imelala. Hicho cha tatu ni kibano kidogo kinachofumbata waya mmoja wa kompresa, hakikati waya wala hakigusi gesi. Usubiri kama mwezi mmoja. Utakuwa na picha ya kila usiku, dakika kwa dakika, na meneja na kijana watakuwa wanabishania mistari kwenye karatasi badala ya kubishana juu yako.

Vifaa vyenyewe si ghali. Kijana anaijua ESP32, ile bodi ndogo ya Espressif iliyotoka 2016 ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi ameichezea. Zipo zinazouzwa zikiwa na modemu ya laini ya simu juu yake. Kihisi cha joto aina ya DS18B20 ndani ya bomba la chuma kisichoshika kutu kinatosha kabisa kwa maziwa, kinakosea nusu nyuzi tu, kikiwa halisi. Bandia zimejaa madukani, kwa hiyo nunua vichache vya ziada na uvipime vyote kwa namna ya jikoni: saga barafu, weka maji kidogo, koroga, tumbukiza. Lazima visome sifuri au karibu kabisa na hapo. Kinachosoma moja na nusu kirudishe dukani. Rudia kipimo hicho kila baada ya miezi mitatu, na kiandikwe daftarini, hilohilo daftari jipya analolitaka meneja.

Kwa makadirio yangu vituo viwili, pamoja na betri, king'ora, kazi ya fundi na seti moja ya akiba, visizidi Sh milioni 2.5. Vikikuokolea nusu tu ya ile hasara ya milimani, ambayo kwa takwimu zako ni kama milioni 4 kwa mwaka, ndani ya mwaka mmoja na miezi michache pesa imerudi.

Nimetaja king'ora, na kwa maoni yangu ndicho kifaa cha maana kuliko vyote. Kijana hakukiweka kwenye profoma kwa sababu hakina ada ya mwezi. Mhudumu wako anaishi mita chache kutoka kwenye tenki. Kwa nini taarifa ya kwamba maziwa yanapata joto isafiri hadi kwenye seva ughaibuni, irudi kwenye televisheni ya ofisi yako Tanga mjini ambayo saa tatu usiku haitazamwi na mtu, ndipo wewe umpigie yeye? Kifaa kiamue palepale, king'ora kilie palepale, hata mtandao ukiwa umekata. Ujumbe wa simu utoke pia, lakini kama nakala.

Hapa pana kazi ya akili, na ukiikosa mradi wote utakufa ndani ya wiki mbili. Ukimwambia kijana "king'ora kilie joto likizidi nyuzi 6", kitalia kila asubuhi na kila jioni wafugaji wanapomimina, maana joto lazima lipande. Kitalia pia tenki likioshwa kwa maji ya moto. Siku ya tatu mhudumu atakifunga kitambaa, siku ya tano atachomoa waya, na atakuwa na haki. Kanuni iwe nyingine: kilie kama joto halijaanza kushuka nusu saa baada ya kumimina, au kama bado liko juu ya 6 baada ya saa mbili. Na pawe na kitufe kikubwa cha kuosha ambacho kinakinyamazisha kwa dakika 40 kisha kinajirudisha chenyewe. Kanuni hizi hazimo vichwani mwa watu wa kompyuta, zimo kwa wahudumu wako. Mwambie kijana akae kituoni tangu alfajiri mpaka tenki la jioni lipoe kabla hajaandika mstari hata mmoja wa programu.

Mambo mawili ya betri. Kifaa kiwe na betri yake, kwa sababu ujumbe muhimu kuliko wote ni ule wa "umeme umekatika", na kifaa kinachotegemea umeme huohuo hakiwezi kuutuma. Pili, ukimya nao uhesabiwe kuwa hitilafu: kituo kisiposikika kwa saa nzima, meneja apate ujumbe. Panya wanatafuna waya, bando linaisha, mnara unaanguka, na bila kanuni hiyo utakuwa na amani ya uongo.

Kisha jiulize, king'ora kikishalia, nani anafanya nini? Kuna utafiti wa pampu za maji za mkono vijijini Rwanda, ulichapishwa 2015, nausimulia kila ninapopata nafasi. Pampu zote zilifungwa vihisi. Kundi moja liliachwa kwenye utaratibu wa kawaida, na pampu ikiharibika matengenezo yalichukua siku 152 kwa kipimo cha kati. Kundi la pili mafundi walilizungukia kwa ratiba, zikawa siku 57. Kundi la tatu taarifa ya kihisi ilimwamsha fundi aondoke, zikashuka hadi siku kama 21, na pampu zilizokuwa zikifanya kazi zikafika karibu asilimia 91, wakati lile kundi la kwanza zilikuwa 68. Kihisi kilikuwa kilekile kila mahali. Kwa hiyo katika bajeti yako weka jina la fundi wa kompresa aliye karibu na kila kituo, bodaboda wa kumpeleka, na posho ya mhudumu kwa kila usiku alioamka na kuokoa tenki. Mtu mmoja anayepokea maziwa alfajiri na jioni, siku saba kwa wiki, kulala usiku si kosa la kufukuziwa. Mwambie meneja hivyo kwa upole.

Gharama za bando zisikutishe, isipokuwa za kamera. Kituo kikituma joto kila dakika tano ni ujumbe 288 kwa siku, na kila mmoja ni mdogo kuliko SMS. Kwa mwezi haifiki MB 1. Zidisha mara tano kwa ajili ya mambo ya mawasiliano yenyewe, bado uko chini ya MB 5. Kijana atumie MQTT, utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe ambao Andy Stanford-Clark wa IBM na mwenzake Arlen Nipper waliutunga mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyosimamiwa kwa setilaiti, zama ambazo kila baiti ilikuwa na bei yake. Umetengenezwa kwa watu kama wewe. Kamera moja inayotuma picha usiku na mchana, hata kwa ubora wa chini wa megabiti 1 kwa sekunde, inakula karibu GB 11 kwa siku. Zidisha kwa siku 30 na vituo sita uone. Tena kamera za bei rahisi zenye neno la siri la kiwandani ndizo zilizotekwa mwaka 2016 na kirusi cha Mirai, zikatumika kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Mlinzi akikosekana, funga kufuli zuri.

Akikuletea habari za LoRa, redio za kutuma ujumbe mdogo masafa marefu, na minara yake midogo, mshukuru. Ni teknolojia nzuri kwa shamba moja kubwa lenye vihisi mia, mahali panapoonana. Vituo vyako sita vimetenganishwa na milima ya Usambara. Laini ya simu kila kituo, basi. Ila modemu iwe na 4G pamoja na 2G kama tofauti ya bei si kubwa; AT&T kule Marekani walizima 2G mwishoni mwa 2016 na vifaa visivyojua mtandao mwingine vikageuka chuma chakavu. Na iwe imeidhinishwa na TCRA, usije ukasumbuliwa baadaye.

Dizeli usiifungie kihisi bado. Vihisi vya ujazo wa mafuta ni ghali, vinahitaji kupimwa kwa kila umbo la tenki, na mwizi mwenye mpira wa kunyonyea hujifunza haraka. Angalia jenereta zako, karibu zote zina saa ya kuhesabia muda wa kazi pale kwenye paneli. Jaza tenki pomoni, iendeshe saa nne ikiwa na mzigo wake wa kawaida, jaza tena: umepata lita kwa saa. Baada ya hapo mhudumu anapiga picha ya saa hiyo kila Jumatatu na kuituma WhatsApp. Lita zilizonunuliwa zikizidi zile ambazo saa za kazi zingekula, unajua kituo gani na wiki gani. Hapa meneja yuko sahihi kabisa na daftari lake. Isitoshe, vile vihisi vya umeme vitakuambia TANESCO ilikatika kwa muda gani, na jenereta haiwezi kudai ilifanya kazi kwa muda wa saa kumi katika usiku ambao umeme ulikatika kwa saa mbili tu.

Magari ni rahisi. Vifaa vya kufuatilia magari vipo tayari madukani, vimeshafungwa kwenye maelfu ya magari, kijana hana haja ya kuvibuni upya. Weka kama unaona haja. Madereva waambiwe kwa maandishi kwamba gari linafuatiliwa na kwa sababu gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mwendo wa mtu aliye kazini ni taarifa zake.

Tumebakiza jambo la ukoo, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Kijana ana mwenzake mmoja. Mwenzake akipata kazi Dubai kesho, matenki yako yanabaki na nani? Google walifunga huduma yao ya vifaa vilivyounganishwa tarehe 16 Agosti 2023, wateja wakapewa mwaka mmoja tu wa kuhama. IBM nao wakafunga ya kwao mwaka huohuo. Sigfox ya Ufaransa, iliyokuwa na mtandao wake wa vihisi katika nchi nyingi, iliingia kwenye usimamizi wa mahakama Januari 2022. Simwombei kijana mabaya. Nasema mkataba uandikwe kana kwamba siku moja hatakuwepo: laini zisajiliwe kwa jina la kampuni yako, maneno ya siri yawe kwenye bahasha ndani ya kabati lako, takwimu zote uweze kuzipakua mwenyewe kila mwezi na kuzifungua kwa Excel, na programu aliyoiandika uwe na nakala yake. Jukwaa la ada ya dola kwa vituo viwili hulihitaji. Zipo programu za bure za kupokea takwimu na kuzichora, kama Node-RED na Grafana, na seva ndogo ya kuziweka inapatikana kwa dola chache kwa mwezi zote kwa pamoja, si kwa kila kifaa. Mlipe kijana kazi yake kwa shilingi, ikiwemo ya matengenezo, na umlipe vizuri. Kazi ya shangazi isiyolipwa ndiyo ya kwanza kuachwa.

Majaribio yapitie masika. Ya kiangazi hayakuambii kitu: barabara kavu, radi hakuna, umeme unatulia. Machi hadi Mei ndipo maziwa yanajaa, gari linakwama kwenye tope na nguzo zinaanguka. Baada ya hapo kaa na meneja na kijana meza moja. Kama umwagaji milimani umepungua kwa nusu au zaidi, na wahudumu bado hawajachomoa waya, ongeza kituo cha tatu na cha nne kwa pesa iliyookolewa. Kama tatizo limeonekana ni volti, nunua stebilaiza na vihisi uvihamishie kituo kingine. Vituo vya Muheza na Korogwe ambavyo havikumwaga havina haraka.

Kwa kijana, mwandikie hivi leo jioni:

"Mwanangu, profoma nimeisoma. Naanza na vituo viwili vya juu: joto, volti, kompresa, king'ora na betri, pamoja na seti moja ya akiba. Kamera, milango, ujazo, dizeli na televisheni toa. Laini kwa jina la kampuni, takwimu kwangu, bei kwa shilingi. Malipo theluthi vifaa vikifika, theluthi vikifungwa na kufaulu kipimo cha barafu, theluthi masika ikiisha. Njoo Jumamosi, ulale kituoni na mhudumu, fundi wa kompresa nitamwita na yeye awepo."